Njia Moja, Wasemaji Wengi: Mwito wa Zamu katika Mawasiliano ya Mitambo

Katika nyanda za Njombe mvua huanza kunyesha mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Hicho ndicho kipindi cha mahindi kukua mashambani, na ndicho pia kipindi cha radi. Radi ikipiga laini ya umeme mahali fulani baina ya Makambako na Njombe, taa huzimika Mdandu, mashine ya kusaga husimama, na jokofu la chanjo katika zahanati huanza kupoteza ubaridi wake. Mtu aliyeketi gizani hujiuliza swali moja: je, huko kwenye kituo cha umeme wanajua kwamba huku kumezimika?

Swali hilo lina sura ya manung'uniko, lakini ndani yake mna swali la kisayansi. Ili fundi wa kituoni ajue habari bila kungoja kupigiwa simu, lazima pawe na chombo nguzoni kinachopima umeme na kupeleka taarifa. Vyombo vya namna hiyo vikiwa vingi, na njia ya kupelekea taarifa ikiwa moja tu, vitasemaje vyote bila sauti ya kimoja kuua sauti ya kingine? Makala haya yanaeleza jibu moja la zamani na rahisi, ambalo hata leo linaendesha mitambo mingi duniani: kila chombo kinyamaze mpaka kiitwe, na vyote viitwe kwa zamu.

Gharama ya kumpa kila mmoja njia yake

Mdandu ni kata katika Wilaya ya Wanging'ombe, wilaya iliyomegwa kutoka Wilaya ya Njombe mwaka 2012. Makambako ni mji wa njia panda. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana na barabara ya Njombe na Songea; reli ya TAZARA hupita hapo; na hapo pana kituo cha kupozea umeme, ambako umeme wa msongo mkubwa hupunguzwa ili uweze kusambazwa mijini na vijijini.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni ambao utatusaidia katika makala haya yote. Tuseme kwamba kuna laini ya umeme itokayo Makambako na kufuata barabara hadi Njombe, umbali wa kiasi cha kilomita 60, na kwamba juu yake zimefungwa swichi 12 za nguzoni, moja kila baada ya kilomita 5. Mojawapo ndiyo inayotenga tawi la kwenda Mdandu. Kila swichi ina chombo kidogo cha elektroniki kinachoweza kusema: "nimefunga", "nimefungua", au "mkondo wa umeme ni kiasi hiki". Vyombo hivyo vilivyo mwisho wa njia ya mawasiliano huitwa teminali. Kompyuta iliyopo Makambako inayokusanya taarifa zake tutaiita kituo kikuu.

Kama kila teminali ingepewa waya wake yenyewe hadi Makambako, waya wa kwanza ungekuwa wa kilomita 5, wa pili kilomita 10, wa tatu kilomita 15, na kadhalika hadi wa kumi na mbili wenye kilomita 60. Jumla yake ni kilomita 390. Lakini waya mmoja ukipita kwa teminali zote, kila moja ikajiunga nao mahali ilipo, kilomita 60 zinatosha. Tofauti hiyo ya kilomita 330 ni shaba, nguzo na siku za kazi za mafundi.

Tena, waya wa peke yake ungekaa bure karibu wakati wote. Taarifa ya swichi ni fupi. Tukisema inachukua nusu sekunde kusafirishwa, na hutolewa mara moja kila dakika 10, basi waya huo ungefanya kazi sehemu moja tu katika 1,200 za muda wake. Kwa upande wa redio hali ni hiyo hiyo, kwani masafa ya redio ni mali ya taifa yenye kikomo, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania haiwezi kukipa kila kijisanduku cha nguzoni masafa yake. Kushiriki njia moja si dalili ya umaskini. Ni matumizi ya busara ya kitu cha thamani.

Namna za kugawana

Wenyeji wa Wanging'ombe wana uzoefu wa jambo hili kwa upande wa maji. Mradi wa maji ya mserereko wa Wanging'ombe, uliojengwa kwa msaada wa UNICEF katika miaka ya 1970 na 1980, uliteremsha maji kutoka nyanda za juu kwa mabomba hadi vijiji vingi. Bomba moja likilisha vijiji vingi, lazima iamuliwe namna ya kugawana. Na namna hizo zafanana sana na zile za mawasiliano.

Namna ya kwanza ni kugawa bomba lenyewe, kila kijiji kipate kijibomba chembamba. Katika mawasiliano huku ni kugawa masafa: mkondo mmoja mpana hukatwa kuwa mikondo mingi myembamba. Ubaya wake ni kwamba asiye na haja hushikilia sehemu yake, na mwenye haja kubwa hawezi kuiazima.

Namna ya pili ni mgao wa saa: kijiji hiki kipate maji saa moja hadi saa mbili, kile saa mbili hadi saa tatu, ama wayahitaji au hawayahitaji. Katika mawasiliano kila teminali hupewa sehemu yake ya sekunde, na ikikosa la kusema sehemu hiyo hupita bure.

Namna ya tatu ni kila mtu afungue koki anapotaka, na wakigongana wasubiri kidogo kisha wajaribu tena. Njia hii ilifanyiwa majaribio mashuhuri katika Chuo Kikuu cha Hawaii, ambako Norman Abramson na wenzake walianzisha mwaka 1971 mtandao wa redio ulioitwa ALOHA, ili kuunganisha visiwa na kompyuta moja.

Namna ya nne ndiyo somo letu. Fundi wa maji ana orodha ya vijiji. Humwuliza wa kwanza, "Mna haja?" Akijibiwa "Ndiyo", humfungulia, akijibiwa "Hapana", huenda mara moja kwa wa pili. Wasio na haja hupotezewa muda wa swali tu. Huu ndio mwito wa zamu.

Ulianza kwa sauti za watu

Mwito wa zamu haukuvumbuliwa na wahandisi wa kompyuta. Kabla ya mashine kuutumia, watu waliutumia kwenye simu za upepo. Shirika la madaktari warukao, ambalo sasa hujulikana kwa jina la AMREF, lilianzishwa mwaka 1957, na katika miaka ya 1960 lilijenga mtandao wa redio wa kuunganisha kituo chake cha Nairobi na hospitali za misheni na zahanati zilizokuwa mbali na simu na barabara nzuri. Wote walisikilizana katika masafa yale yale. Kama kila muuguzi angesema apendapo, pasingesikika kitu ila mkoromo. Kwa hiyo mwendeshaji wa Nairobi aliita vituo kimoja kimoja kwa saa zilizopangwa, na kila kimoja kilijibu kwa kueleza haja yake au kusema hakina ujumbe.

Msomaji atatambua hapa viungo vyote vya mfumo wa mashine: msimamizi mmoja, orodha ya majina, mwito, jibu la "ninalo" au "sina", na utii wa kunyamaza wakati mwingine anaposema. Atatambua pia kanuni muhimu zaidi, yaani kwamba mwenye dharura husikilizwa kwanza.

Mashine inavyofanya

Katika mfano wetu, kila teminali hupewa nambari inayokuwa anwani yake, kuanzia 1 hadi 12. Tuseme tawi la Mdandu ni nambari 7. Kituo kikuu hutuma ujumbe mfupi wenye sehemu tatu: anwani 7, amri isemayo "toa taarifa", na tarakimu za uhakiki. Tarakimu hizo hupatikana kwa kufanya hesabu maalumu juu ya ujumbe wenyewe; mpokeaji hurudia hesabu ile ile, na jawabu lisipolingana hujua kwamba ujumbe umeharibiwa njiani na kelele za umeme au radi.

Teminali zote 12 husikia ujumbe huo, kwa kuwa waya ni mmoja, lakini kila moja hutazama anwani kwanza. Kumi na moja huendelea kunyamaza. Namba 7 hujibu: ama hutoa taarifa yake, ama husema kwa kifupi kwamba haina jipya. Kisha kituo kikuu huita namba 8, na hivyo hivyo hadi 12, ndipo hurudi kwa namba 1. Safari hiyo nzima huitwa mzunguko.

Ikumbukwe kwamba hakuna teminali inayosema bila kuitwa, hata kama nguzo yake inaungua. Hapo wasomaji wengi hushtuka: je, dharura ingoje zamu? Naam, huingoja, lakini kuna namna tatu za kufupisha kungoja huko. Kwanza, orodha ya mwito si lazima itaje kila jina mara moja. Swichi ya hospitali yaweza kuandikwa mara tatu katika mzunguko mmoja. Pili, jibu lenyewe laweza kubeba alama ndogo yenye maana ya "nina jambo la haraka zaidi", na kituo kikuu kikiiona hurudi papo hapo kuliuliza. Ndivyo ilivyo katika itifaki ya vituo vya umeme iliyotolewa na Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme mwaka 1995, ambamo taarifa hugawanywa katika daraja mbili, za dharura na za kawaida. Tatu, taarifa moja tu huruhusiwa kwa kila zamu, ili mwenye mengi asimcheleweshe mwenye neno moja zito.

Kuna pia aina nyingine ya zamu, ambayo msimamizi haiti kila mmoja. Yeye humwita wa mwisho katika laini. Huyu akimaliza humpokeza jirani yake haki ya kusema, naye humpokeza anayefuata, kama kijiti cha mbio za kupokezana, mpaka haki hiyo irudi kwa msimamizi. Muda mwingi huokolewa, lakini mmoja akiangusha kijiti, mbio zote husimama.

Kutoka mashirika ya ndege hadi mfukoni

Haja ya kuunganisha teminali nyingi kwa kompyuta moja ilijitokeza mapema katika mashirika ya ndege, ambako viti vya ndege moja huuzwa katika miji mingi kwa wakati mmoja. Mfumo wa SABRE, uliotengenezwa na kampuni ya IBM pamoja na American Airlines na kukamilika mwaka 1964, uliunganisha takriban teminali 1,500 kwa laini za simu za kukodi zilizotumiwa kwa pamoja. Mwaka 1967 IBM ilitoa itifaki iliyojulikana kwa herufi BSC, iliyoweka wazi taratibu za mwito wa zamu kwenye laini yenye teminali nyingi, na benki na ofisi nyingi duniani zilifanya kazi kwa taratibu za jamii hiyo kwa miaka mingi.

Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ya Marekani ilitoa itifaki ya Modbus kwa mashine za viwandani. Ndani yake msimamizi mmoja aweza kuita vyombo vyenye anwani kuanzia 1 hadi 247. Itifaki hiyo bado inatumika katika pampu za maji, mita za umeme na mitambo ya umeme wa jua, kwa sababu ni rahisi kueleweka na fundi yeyote mwenye bidii.

Hata simu ya mkononi ina mwito wa zamu ndani yake. Vyombo vinavyounganishwa kwa Bluetooth, kama vile vipaza sauti vya masikioni, hufuata msimamizi mmoja awezaye kuongoza vyombo 7 vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja, na hakuna kinachojibu kabla ya kuitwa. Kipanya cha kompyuta kilichounganishwa kwa waya wa USB nacho hakipigi kelele kinaposogezwa, kompyuta ndiyo inayokiuliza mara nyingi kwa sekunde, "Umesogea?"

Hesabu ya kungoja

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Anayeshiriki njia na wenzake hulipa kwa kungoja. Je, hungoja kwa muda gani?

Tuseme teminali zetu 12 zinatumia mkondo mmoja wa redio unaopitisha biti 1,200 kwa sekunde. Ujumbe wa mwito una herufi 8, na kila herufi huchukua biti 10. Jumla ni biti 80, ambazo huchukua sekunde 0.067. Jibu fupi la "sina jipya" lina urefu uo huo, sekunde 0.067. Lakini redio haiwezi kusema mara tu inapowashwa. Huhitaji muda wa kutulia. Tukiupa muda huo sekunde 0.1 kila upande, zinaongezeka sekunde 0.2. Kwa hiyo kuuliza teminali moja isiyo na neno kunagharimu sekunde 0.333, na teminali 12 hugharimu sekunde 4. Huo ndio mzunguko wa siku tulivu.

Teminali yenye taarifa huongeza herufi 60, yaani biti 600, ambazo huchukua nusu sekunde. Zote 12 zikiwa na taarifa, zinaongezeka sekunde 6, na mzunguko huwa sekunde 10. Basi kwa kanuni ya taarifa moja kwa zamu moja, na vyombo vyote vikiwa vizima, tunaweza kumwahidi mtu wa Mdandu kwamba taarifa ya swichi yake haitangoja zaidi ya sekunde 10 kabla ya kuitwa, hata siku mbaya kuliko zote.

Wanahisabati wameiweka habari hii katika kanuni moja fupi. Chukua muda unaotumika kwa miito na majibu matupu katika mzunguko mmoja; ugawanye kwa sehemu ya muda ambayo haikutumika kubeba taarifa zenyewe; utapata urefu wa wastani wa mzunguko. Kama taarifa hutumia sehemu 0.6 ya muda wote, hubaki 0.4, na 4 kugawanya kwa 0.4 ni 10, kama tulivyoona. Tukiondoa kikomo na kuruhusu kila teminali imalize yote iliyo nayo, taarifa zaweza kufikia sehemu 0.8 ya muda, na mzunguko ukawa sekunde 20, zikifikia 0.9, mzunguko huwa sekunde 40. Mzigo ulioongezeka kidogo umerefusha kungoja maradufu. Ndiyo sababu mhandisi mwangalifu haijazi njia yake mpaka pomoni.

Jambo la pili lashangaza zaidi. Wengi hudhani kwamba njia ikiwa ya polepole, dawa ni kununua vyombo vyenye kasi. Tubadilishe kasi kutoka biti 1,200 hadi 9,600 kwa sekunde, yaani mara nane. Mwito na jibu sasa huchukua sekunde 0.008 kila kimoja, lakini zile sekunde 0.2 za redio kutulia zimebaki pale pale. Jumla kwa teminali moja ni sekunde 0.217, na kwa teminali 12 ni sekunde 2.6. Tumenunua kasi mara nane, na mzunguko mtupu haukupungua hata nusu. Fedha ile ingefaa zaidi kununulia redio zinazotulia upesi.

Umbali nao una sehemu yake. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kilomita 600 huchukua sekunde 0.002 tu, ambazo hazina uzito. Lakini setilaiti zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani ziko kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mwito kupanda na kushuka huchukua karibu robo sekunde, na jibu robo nyingine. Teminali 12 zikiitwa moja moja kwa njia hiyo, sekunde 6 huishia angani. Mwito wa zamu hupenda majirani.

Usiku wa radi

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tuulize wasio na neno usiku na mchana? Si bora tungoje mwenye neno aseme mwenyewe, kama kule Hawaii?

Katika siku tulivu hoja hiyo ni ya kweli. Mwenye neno angesema mara moja bila kungoja sekunde 4. Hasa pale teminali zinapokuwa maelfu na kila moja husema kwa nadra, mwito wa zamu haufai kabisa, kwani orodha yenyewe ingekuwa ndefu mno. Simu ya mkononi huanza kwa namna hiyo ya huria: ikitaka kupiga, huomba nafasi bila kuitwa, kisha mnara huipangia zamu.

Lakini mitambo ya hatari haipimwi kwa siku tulivu. Radi ikipiga laini kuu, swichi zote 12 huona msukosuko kwa nukta ile ile, na zote hupata neno la kusema kwa nukta ile ile. Zikisema pamoja, taarifa zote 12 huharibika. Kila moja itangoja muda wa kubahatisha na kujaribu tena, na nyingine zitagongana tena. Nadharia ya mtandao wa ALOHA inaonyesha kwamba kwa utaratibu huo wa huria, njia haiwezi kupitisha taarifa salama zaidi ya asilimia 18 ya uwezo wake, na hata muda ukigawanywa katika vipande vya kuanzia kusema kwa pamoja, haizidi asilimia 37. Mzigo ukipita hapo, kinachopita hupungua badala ya kuongezeka. Hakuna awezaye kuahidi ni lini sauti ya Mdandu itasikika.

Kwa mwito wa zamu, usiku huo huo, zote 12 zitasikika ndani ya sekunde 10. Utaratibu unaoonekana kupoteza muda mchana wa jua ndio unaookoa habari usiku wa dhiki. Ule muda tunaoupoteza kwa kuwauliza wasio na neno ni kama akiba ya ghalani: haionekani faida yake mpaka njaa iingie.

Tena kuna faida iliyofichika. Jibu la "sina jipya" si jibu tupu. Maana yake ni "mimi ni mzima". Katika utaratibu wa huria, teminali iliyokufa na teminali isiyo na neno zafanana, zote ziko kimya. Katika mwito wa zamu, aliyekufa hujulikana kwa kutojibu.

Maradhi ya njia ya pamoja

Haifai kusifu bila kutaja kasoro. Ya kwanza ni hiyo ya teminali iliyokufa. Kituo kikuu huiita, hungoja, tuseme sekunde moja, kisha hujaribu mara ya pili na ya tatu. Majaribio matatu pamoja na muda wa kuita hugharimu kiasi cha sekunde 3.5, na mzunguko wa sekunde 4 hugeuka kuwa wa sekunde 7 na kidogo. Mfu mmoja amekaribia kurefusha kungoja kwa wote maradufu. Dawa yake ni kumwondoa katika orodha ya kawaida na kumwita mara moja tu kila baada ya dakika kadhaa, ili akifufuka arudishwe.

Ya pili ni mbaya zaidi: teminali isiyonyamaza. Swichi ya redio ikikwama, huendelea kutangaza na kuziba masikio ya wote. Hakuna amri iwezayo kuipata, kwa sababu haisikii. Dawa ni kuweka ndani ya kila teminali saa ndogo inayojitegemea, ambayo hukata umeme wa kitangazio kikizidi muda uliowekwa.

Ya tatu ni waya kukatika. Ukikatika kilomita ya 30, teminali zote zilizo mbele ya hapo hupotea pamoja. Kwa bahati njema, jambo hilo lenyewe ni habari: namba 1 hadi 6 wakijibu na 7 hadi 12 wakinyamaza, fundi hujua aanzie wapi kutafuta.

Ya nne ni msimamizi mwenyewe. Akianguka, kimya hutanda kote. Kwa hiyo huwekwa wawili, mmoja akiwa tayari kushika kazi. Na ya tano ni uaminifu. Itifaki nyingi za zamani, Modbus ikiwa mojawapo, hazimwulizi mwitaji athibitishe kuwa ni nani. Yeyote awezaye kuingia katika njia anaweza kutoa amri kwa sauti ya msimamizi. Zilipotungwa, njia zilikuwa ndani ya ua wa kiwanda. Leo njia nyingi zimeunganishwa na intaneti, na ulinzi umekuwa sehemu ya lazima ya kazi.

Makambako na mkongo

Gridi ya taifa yenyewe imekua. Kwa miaka mingi imeongozwa kutoka Ubungo, Dar es Salaam, ambako waongozaji hutazama hali ya vituo vilivyo mamia ya kilomita mbali. Mwaka 2018 laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika, na Songea, iliyokuwa ikitegemea mitambo ya dizeli, ikaingia katika gridi. Kila kituo kinachoongezwa ni msemaji mwingine anayepaswa kusikika.

Je, mkongo wa taifa wa mawasiliano, wenye uwezo mkubwa mno kuliko waya wa shaba, haujaondoa haja ya kupanga zamu? Kwa vituo vikubwa umepunguza haja hiyo sana. Lakini mkongo hufika mjini na kwenye vituo, haufiki kila nguzo. Kutoka kituoni hadi swichi ya mwisho, au tangi la maji lililo juu ya kilima, au mita ya mashine ya kusaga, aghalabu hubaki redio moja au jozi moja ya waya kwa wote. Hapo ndipo hesabu za miaka ya 1960 zinaporudi kuwa za leo.

Hitimisho

Tumeona kwamba njia moja yaweza kuwatosha wengi, mradi kuwe na orodha, zamu na kikomo. Kasi husaidia, lakini haishindi utaratibu. Na mtu anayenunua mfumo wa namna hii kwa ajili ya wilaya yake asiridhike na kuambiwa kasi yake ni biti ngapi kwa sekunde. Aulize maswali manne: mzunguko huchukua muda gani wote wakiwa na neno? Teminali moja ikifa, wengine hungoja kiasi gani? Teminali moja ikigoma kunyamaza, nini huinyamazisha? Na mwenye dharura huinuaje mkono?

Muuzaji akiweza kujibu manne hayo kwa tarakimu, basi usiku radi itakapopiga, mtu wa Mdandu aliyeketi gizani atakuwa na jibu la swali lake. Wanajua, walijua ndani ya sekunde 10, na fundi yuko njiani.